Ekzosi imeoza, na mvua yenyewe iko wapi?

Wiki hii tunalala chini ya gari, ila kina mama msifunge ukurasa, maana habari hii inawahusu zaidi ninyi mnaokaa siti ya nyuma na watoto.

Ba'mdogo wangu wa hapa Miyuji ana kigari chake cha kwendea mjini asubuhi na kurudia jioni. Ikawa kila Jumapili wakitoka kanisani, ma'mdogo anashuka kichwa kinamgonga, mtoto mmoja amelala fofofo, mwingine anataka kutapika. Malaria hiyo! Wakapima, hakuna mdudu. Joto la mwili kawaida. Na ajabu, wakikaa nusu saa chini ya mwarobaini wote wanachangamka.

Jirani mmoja ndiye aliyesema, "Mzee, hebu tuangalie bomba la moshi." Walipoinama, loh! Sailensa imeoza tumbo zima, na kwenye buti kuna vitobo. Moshi ulikuwa unapanda ndani. Ule moshi una hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Wangesafiri hivyo mpaka Kondoa vioo vimefungwa, leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Sasa swali la ba'mdogo: "Kutu Dodoma? Mvua yenyewe iko wapi?" Swali zuri. Mvua yetu ni milimita 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote huisha kati ya Desemba na Aprili. Lakini ekzosi haisubiri mvua ya mawinguni, inanyeshewa kwa ndani. Petroli ikiungua inatoa maji, na lita moja inatoa karibu lita nzima! Bomba likiwa la moto maji yanatoka kama mvuke. Safari fupi kama ya Miyuji na mjini, sailensa haijapata moto umeshazima gari. Maji yanalala humo, yanachanganyika na salfa ya mafuta, yanakuwa tindikali. Ndiyo maana gari la mzee anayelitoa Jumapili tu huoza ekzosi kabla ya teksi inayozunguka kutwa. Tena magari mengi yaliyoingia huku tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016 yalishakula upepo wa bahari Dar, na mengine yametoka sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Lakini kisa cha ba'mdogo kina utamu zaidi. Sailensa ile haikuwa na miaka miwili! Ilipofungwa, fundi aliona katundu kadogo kwa chini, kama ka kupitisha njiti ya kiberiti. "Bosi, hii kasoro ya kiwandani, nakuzibia bure." Akachomelea. Kumbe katundu kale ndiko ka kutolea maji! Bure aghali.

Basi safari hii nilisimama pale pale, nikamsumbua fundi mwingine mpaka akaniita mkaguzi. Kwanza tulichomoa betri kabla hajawasha mashine, umeme wa kuchomelea usije ukaunguza vitu vya gari. Nati zilizoshika kutu tulizilowesha dizeli usiku kucha, kesho yake zikafunguka bila kukata bolti. Bomba la maji lenye rangi ya fedha alilotaka kuungia tulilikataa. Lile limepakwa zinki, ukilichoma moshi wake unampa fundi homa ya usiku, na pale palipoungua zinki ndipo kutu inapoanzia.

Mnunuzi wa spea naye, jihadhari na jaribio la sumaku. Watu wanasema chuma kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku. Kwenye ekzosi si kweli, maana ile aina inayotumika sana ina kromi kama asilimia 11 na sumaku inainasa vizuri tu. Nyingine ni bati lililopakwa aluminiamu, hiyo nayo ni nzuri, ila ukiichomelea ule mpako unaungua. Kwa hiyo tulifunga kwa bolti na gasketi mpya kila palipowezekana, na sehemu mbili zilizochomelewa zikasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, ndipo zikapakwa rangi inayostahimili moto. Rangi ya geti haifai, siku ya kwanza tu inababuka.

Raba za kuning'inizia zilikatika zamani, fundi alikuwa amefunga waya. Tukaweka mpya. Waya haunesi, na kwa matuta yetu haya ufa lazima utokee kwenye maungio.

Mwisho tukapima uwanjani, enjini ikiwa ya baridi. Mmoja anawasha, mwingine anaziba mdomo wa bomba kwa tambara nene kidogo tu, wa tatu anasikiliza chini. Pakivuja utasikia "sss". Masizi meusi kwenye maungio nayo yanakwambia pa kutazama.

Buti limezibwa vitobo. Ba'mdogo sasa kila Jumamosi analipeleka gari barabara ya Arusha nusu saa nzima, eti analikausha. Ma'mdogo anasema hiyo ya kukausha ni sababu tu, huko njiani kuna nyama choma.