Mwasumini Katika Ua Mdogo

Nyumba nyingi za miji yetu ya pwani zina ua wa hatua chache tu, na wenyewe hudhani kuwa pahali kama hapo hapafai mti wa maua. Sisi hatukubaliani nao. Mwasumini waweza kukaa katika debe lililotobolewa chini, na kwa kukatwa ukawa kichaka kifupi kisichopita kiuno cha mtu.

Kinachouharibu zaidi ni huruma. Mwenyewe huogopa kuukata, nao hutambaa ukutani, matawi marefu na maua haba. Mwishowe huung'oa akisema ni tasa, na pengine ulikuwa umepandwa na bibi yake! Asumini huchanua katika vichipukizi vipya. Basi kila zamu ya maua ikwishapo, theluthi ya kila tawi na ikatwe, juu kidogo ya fundo la majani. Vijiti hivyo visitupwe: cha shubiri moja, kilichokomaa nusu, kikiondolewa majani ya chini, huota mizizi katika mchanga wenye unyevu kivulini baada ya wiki chache, nacho ni zawadi njema kwa jirani.

Jua la asubuhi halina budi. Maji ya kuoshea mchele yafaa. Ya sabuni hayafai, na debe lisilo tundu huozesha mizizi.

Wafungao vikuba na wachume jioni, vitumba vingali vimefumba, kwa kuwa ua hili hufunguka usiku na ndipo linukiapo zaidi.