Aliyeuza Simu, Aipokee Ikifa

Mwandishi aliyedai wiki iliyopita kwamba simu mbovu ni mzigo wa mwenye nayo peke yake amekosea mara mbili.

Kwanza, sheria inamkana. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya, ya 2022, inamtwika mtengenezaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa yake hata inapogeuka taka.

Pili, simu iliyokufa bado ni mali. Ina dhahabu, shaba na kobalti. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Kongo, ambako wachimbaji wadogo wa Kolwezi huhatarisha maisha mashimoni. Kuifungia simu kabatini ni kupoteza jasho lao. Kuitupa jalalani ni kumpelekea sumu anayeishi jirani na jalala.

Kweli, fundi wa mtaani huokoa kioo, spika na chaji. Lakini ubao na betri chakavu vinahitaji kiwanda. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki; zilizothibitishwa kurejelezwa hazikufika robo.

Kila duka la simu liweke sanduku la kupokelea, na anayerudisha apewe punguzo. Wauzaji, faida mmeichukua, chukueni na mabaki.