Maji Yamepinda, Gesi Imenyooka

Mwandishi wa makala ya maumbo ya molekuli kaueleza vizuri mpangilio wa elektroni, ila pale aliposema umbo la molekuli hufuata idadi ya atomu, msomaji huyu wa Kyela hakubaliani naye. Maji ya Ziwa Nyasa yana atomu tatu kwa kila molekuli, na kaboni dayoksaidi inayovunwa ardhini kule juu Busokelo, wilayani Rungwe, nayo ina tatu. Mbona ya maji imepinda kwa nyuzi 104.5, na ya gesi imenyooka kama rula? Jibu liko kwa elektroni ambazo hazikufunga ndoa na atomu yoyote: oksijeni ya kwenye maji ina jozi mbili za namna hiyo, nazo huzisukuma hidrojeni upande mmoja. Kaboni ya kwenye gesi haina hata jozi moja ya ziada.

Na yule mchangiaji wa makala hiyo aliyeuliza haya yote yanasaidia nini jikoni, aje Kyela aone mawese yakitiwa kwenye sufuria ya maji. Yanaelea, mekundu, yamejikusanya vijiduara; koroga utakavyo, yatarudi juu tu. Kwa kupinda kwake, molekuli ya maji ina upande hasi na upande chanya, basi molekuli hizo zinashikana zenyewe kwa zenyewe na mafuta yanaachwa pembeni. Mfano wa methani na pembe zake za nyuzi 109.5 alioutoa mwandishi ni sahihi, lakini angetaja majaruba ya mpunga: ukikanyaga tope lililokaa majini, mapovu yanayopanda yamebeba gesi hiyo hiyo.