Haki ya Mzee wa Bondeni Kutembea

Kwa kijana wa Bondeni, kutoka nyumbani hadi msikitini ni mwendo wa dakika chache. Kwa mzee mwenye mkongojo, mwendo huo huo ni safari yenye hesabu: mfereji usio na kifuniko, gari lililoegeshwa juu ya njia ya miguu, mkokoteni wa madumu ya maji, tuktuk inayorudi kinyumenyume, na bodaboda inayochomoka kichochoroni kabla honi yake haijasikika. Safari hiyo huja mara tano kwa siku. Bibi mkongwe anayekwenda kumjulia hali mgonjwa mtaa wa pili naye hana njia nyingine. Wazee wanaposema kuwa mtaa haupitiki, aghalabu huambiwa kuwa dunia imebadilika, na kauli yao huwekwa katika fungu la manung'uniko ya uzeeni. Hapo ndipo kosa lilipo.

Vichochoro vya Mombasa ya zamani vilikadiriwa kwa kipimo cha mtu na mzigo wake. Mji wa Kale, jirani wa Bondeni, ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990. Tangu hapo milango na roshani zake zimeandikiwa mengi. Mguu upitao chini yake haukuandikiwa kitu. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, nazo zikaenea nchi nzima. Si haki kumlaumu kijana anayeitafuta riziki kwayo; huenda ni mjukuu wa mzee yule yule, na usiku wa maradhi yeye ndiye humkimbiza babu hospitali. Linalodaiwa si kumfukuza kijana. Linalodaiwa ni mpaka baina ya njia ya gari na njia ya mguu.

Mpaka huo umewahi kudaiwa kwingineko pwani ukapatikana. Mjini Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, pikipiki zilianza kuzikaribia njia zilizozoea punda na watu. Wenyeji na wahifadhi wakapaza sauti, hata serikali ya kaunti ikazipiga marufuku katika mji wa kale mwanzoni mwa miaka ya 2020. Utekelezaji ni jambo jingine, lakini angalau hakuna aliyesema pale kwamba madai hayo ni ndoto za wakongwe. Shirika la Afya Duniani nalo lilipotoa mwaka 2007 mwongozo wa miji inayowafaa wazee, liliwauliza wazee wenyewe katika miji 33, Nairobi ikiwamo.

Wanafunzi wa Kiswahili wasidhani kuwa suala hili ni la wahandisi peke yao. Tungo za Muyaka bin Haji zilikusanywa na Mwalimu Sikujua kutoka katika kumbukumbu za watu wa Mombasa, muda mrefu kabla ya Hichens kuzichapisha mwaka 1940. Hifadhi ya namna hiyo haikai maktabani. Hukaa barazani baada ya alasiri, nayo yamhitaji mtu awezaye kufika. Mzee anayeogopa kuvuka barabara hubaki ndani, na Kimvita chake hubaki ndani pamoja naye. Mtafiti atakayekuja na kinasa sauti atakuta baraza tupu, kisha ataandika kwamba lahaja inafifia kwa sababu ya utandawazi!

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mtu aliyetimiza miaka 60 haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Katiba hiyo hiyo inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hata hivyo ramani na makadirio ya barabara huandikwa kwa Kiingereza, na mzee huitwa kutoa maoni juu ya waraka asioweza kuusoma. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina watu wa kuutafsiri. Mkutano wenyewe na ufanyike Bondeni, barazani, kwa Kiswahili, na hoja ya kwanza iwe vifuniko vya mifereji.