Upanga Ulionajisika na Mamlaka ya Kufasiri

Wapo wahakiki wanaozichukulia nadharia za wapenzi wa michezo ya kompyuta kuwa porojo zisizostahili nafasi katika taaluma ya fasihi. Hoja yao ni kwamba mchezo una mwenyewe, naye akishatamka, fasiri zote za wachezaji hubatilika. Hoja hii ni dhaifu, na udhaifu wake hudhihirishwa na kisa cha upanga uitwao Ashbringer katika World of Warcraft, mchezo uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment mwaka 2004.

Upanga huo ulikuwa silaha ya nuru mikononi mwa Alexandros Mograine. Ulinajisika pale Renault, mwanawe mkubwa, alipomsaliti na kumuua kwa upanga uo huo. Mwaka 2006 wachezaji waliweza kuupata, ukiwa tayari na unajisi wake, katika ngome ya Naxxramas. Ulimnong'oneza aliyeushika. Ulipoingizwa Scarlet Monastery, askari walipiga magoti, mzimu wa baba ukatokea, na mwana akaomba radhi. Baba alimuua kwanza, kisha akamtamkia msamaha. Baada ya hapo mchezo ulinyamaza. Haukutoa njia yoyote ya kuutakasa upanga.

Ni katika kimya hicho nadharia zilipostawi, nazo hazikuwa za aina moja. Baadhi ya wachezaji walitafuta siri iliyofichwa, kana kwamba hadithi ni kufuli na kazi ya msomaji ni kusaka ufunguo. Hao wanastahili kukosolewa. Wengine, hata hivyo, walijenga hoja kutokana na matukio yenyewe: ikiwa usaliti wa damu ndio ulioleta unajisi, basi utakaso hauna budi kupitia uaminifu wa damu, au kwa mtu mwadilifu kama Tirion Fordring. Huo si uvumi. Ni uhakiki, kwa kuwa unahusisha chanzo, tendo na hatima kwa ushahidi wa matini.

Mwaka 2008, katika Wrath of the Lich King, kampuni ilitoa jibu lake. Darion, mwana mdogo wa Mograine, alimrushia Tirion upanga huo vitani, penye kanisa la Light's Hope, nao ukatakasika. Inadaiwa kwamba hapo mjadala ulifungwa. La hasha! Tamko hilo linaeleza kilichofuata. Halielezi maana ya kilichotangulia. Je, haki inayotekelezwa kwa silaha iliyonajisika ni haki? Msamaha unaotolewa kwa maiti una thamani gani? Maswali haya hayakujibiwa na nuru ya ghafla. Zaidi ya hayo, ni nadharia zile zile zinazompa mhakiki kipimo cha kuamua iwapo mwisho huo umetokana na mantiki ya hadithi au umebandikwa tu.

Ajabu ni kwamba wanaozibeza nadharia hizi ndio wanaofundisha Utenzi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa, wa mwaka 1913, ambamo pia mwana anamuua baba, kwa sindano ya shaba. Hakuna anayedai kwamba utenzi huo uliwafunga midomo wasimulizi wa pwani, wala kwamba Kijumwa pekee ndiye mwenye kauli juu ya usaliti ule. Kwa nini basi kampuni ipewe mamlaka ambayo mshairi amenyimwa? Jibu pekee ni hatimiliki; na hatimiliki ni suala la sheria na mapato, si kigezo cha uhakiki.

Mwanafunzi anayependekeza utafiti juu ya nadharia za aina hii asifukuzwe mlangoni, wala asipokewe kwa upole usiostahili. Adaiwe kile anachodaiwa mtafiti wa utenzi: ushahidi, mantiki na ujuzi wa matini. Akivileta hivyo, idhini ya kampuni haihitajiki.