Arzihali na Wakala wa Ukumbini



Mtakumbuka kwamba katika mkutano mkuu uliopita kelele zilizidi hata Mwenyekiti akagonga meza mara tatu, na shauri lililokuwa mbele yetu likaahirishwa pasipo kukatwa. Shauri lenyewe ni hili. Wenzetu waliostaafu, wengine sasa wanaingia mwaka wa tatu, hawajapata malimbikizo ya mishahara yao ya mwisho, na barua zetu zote zimejibiwa kwa maneno yale yale, kwamba jambo linashughulikiwa. Ndipo akatokea bwana mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, akatuletea habari kwamba yeye ana watu wake karibu na wabunge na wakubwa wa wizara, na kwamba tukimwahidi sehemu 10 katika kila 100 ya fedha zitakazotoka, kazi itakwisha kwa miezi michache. Baadhi ya wanachama walishangilia. Wengine walisema hiyo ni rushwa iliyovaa kanzu safi. Na mwanachama mmoja kijana akasimama akasema kwamba katika nchi za wakubwa kazi ya namna hiyo ni halali, ina sheria yake na daftari lake, nasi tunaionea haya bure.

Halmashauri imetakiwa iandike maoni yake. Twayaandika hapa kwa uwazi, maana hatupendi wanachama waje kupiga kura juu ya jambo walilolisikia nusu.

Kwanza yatupasa tujue jambo linalosemwa. Kazi hiyo katika lugha ya Kiingereza hutajwa kwa jina la ukumbi, yaani ule ukumbi wa nje ya baraza ambamo wajumbe hupita wakienda na kurudi, na wenye haja zao huwangoja humo wapate kuwasemesha. Mwenye haja akisimama ukumbini kwa shauri lake mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Chuki ya watu ilianza pale aliposimama mwingine badala yake, kwa ijara, akiwa hana haja yo yote ila fedha aliyoahidiwa. Basi yule kijana asema kweli kwamba kazi hiyo imehalalishwa kwingi. Ila hakueleza njia iliyopitwa, na katika njia hiyo mna mambo yanayotuhusu kuliko tulivyodhani.

Kisa kimoja twakipenda kwa sababu mwenyewe alikuwa karani kama sisi. Bwana Nicholas Trist alikuwa karani mkuu katika wizara ya mambo ya nje ya Marekani. Mwaka 1847 Rais Polk alimtuma Mexico kutafuta mapatano ya amani, maana nchi hizo mbili zilikuwa vitani. Kabla kazi haijaisha Rais akamwandikia arudi. Trist akaona kwamba akirudi amani itapotea, akakaidi amri, akakaa, na tarehe 2 Februari 1848 akatia sahihi mkataba ambao kwao Marekani ilipata nchi kubwa sana, California ikiwa ndani yake. Rais aliupokea mkataba, lakini mtu aliyeuleta akamfukuza kazi, na mshahara wake wa siku zile za ukaidi hakulipwa. (Wasomaji wetu watatusamehe tukisema kwamba serikali zote zafanana katika hili: kazi ya karani hupokewa upesi kuliko hati yake ya malipo.)

Trist aliingoja haki yake zaidi ya miaka 20. Mwishowe akapatana na mwanasheria mmoja wa Boston, Bwana Linus Child, kwamba amshughulikie dai lake mbele ya Bunge, na likifaulu ampe robo ya fedha. Mwanasheria alifariki kabla ya mwisho, na mwanawe akaendelea. Mwaka 1871 Bunge likapitisha malipo ya dola 14,559. Ndipo Trist akakataa kutoa ile robo, na shauri likafika Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile, ambayo katika kikao chake cha mwaka 1874 ilihukumu kwamba mapatano yale hayana nguvu mbele ya sheria. Yule mwana wa mwanasheria hakupata kitu.

Hukumu ile yafaa isomwe na kila mwanachama, maana haikulaani kila kazi ya wakala. Majaji walisema kwamba kuandika arzihali, kukusanya ushahidi, kupanga hoja na kuzieleza mbele ya kamati ya Bunge, kwa mdomo au kwa maandishi, ni kazi ya halali, na mfanya kazi hiyo astahili ujira wake. Wasichokubali ni mtu kuuza kwa fedha kujuana kwake na wajumbe, kuwafuata mmoja mmoja faraghani, huku malipo yake yakitegemea kura watakayopiga. Katika ushahidi mlikuwamo barua ya yule mwana, akimwomba Trist awahimize rafiki zake wawaandikie wabunge wo wote wanaowajua, kwa kuwa kura moja moja ina maana. Na kwa sababu katika mapatano yale kazi ya halali na ile nyingine zilichanganywa pamoja hata haziwezi kutengwa, yote yakaanguka.

Sasa mwangalieni bwana wetu wa sehemu 10 katika kila 100.

Watu wa Marekani wa siku zile walikuwa wakali. Jimbo la Georgia, katika katiba yake ya mwaka 1877, lilitangaza kwamba kazi ya ukumbini ni kosa la jinai. California ikafuata katika katiba yake ya mwaka 1879, ikisema kwamba anayetafuta kura ya mjumbe kwa hongo, kwa ahadi, kwa vitisho au kwa njia nyingine isiyo ya haki ana hatia kubwa. Wenye nchi walikuwa wamechoka kuona makampuni ya reli yakiwazunguka wajumbe wao. Walakini makatazo hayo hayakuondoa mawakala. Yaliwafundisha kuwa waangalifu tu. Ndipo likaja wazo jingine, kwamba kazi hii na iachwe, lakini ifanywe mchana. Mwaka 1946 Bunge la Marekani lilitunga sheria kwamba wakala ajiandikishe, ataje nani amwajiri na kwa fedha kiasi gani. Mahakama ikaifinya sheria ile mwaka 1954 hata ikabaki na matundu mengi, na mwaka 1995 ikatungwa nyingine iliyo pana zaidi.

Je, watu waliridhika? Hawakuridhika. Mpaka leo, raia wa nchi ile wanapoulizwa ni kazi zipi wanazoziamini kuwa na watu wanyofu, mawakala hao hushika mkia au karibu na mkia, pamoja na wanasiasa wenyewe. Bwana Jack Abramoff alikuwa wakala mashuhuri wa Washington, na mwezi wa Januari 1906 ungesema ni hadithi, lakini ilikuwa 2006, alikiri mahakamani makosa ya ulaghai na ya kula njama kuwahonga watumishi wa umma, baada ya kuwatoza makabila ya Wahindi Wekundu fedha nyingi mno kwa kazi ya kuwatetea. Na fedha zilizotangazwa kutumika kwa kazi ya ukumbini katika serikali ya Marekani kwa mwaka 2022 peke yake zilipita dola bilioni 4. Mtu wa kawaida husoma hesabu hiyo akajiuliza, mimi nisiye na hata dola mia, ni nani atakayeningojea ukumbini?

Hata hivyo hatusemi kwamba daftari ni kazi bure. Hesabu hiyo yenyewe twaijua kwa sababu ya daftari. Zamani fedha zilipita, wala hakuna aliyezihesabu.

Mfano wa Uingereza watutia wasiwasi zaidi, maana unavihusu vyama kama hiki chetu. Mwaka 2010 Bwana David Cameron, akiwa bado kiongozi wa upinzani, aliwaonya watu kwamba jambo la mawakala ndilo litakalokuwa aibu kubwa ijayo. Alipokuwa Waziri Mkuu sheria ikatungwa, ikapata idhini mwezi wa Januari 2014. Lakini daftari lililowekwa ni la mawakala wa kukodiwa tu, wale wanaofanya kazi kwa niaba ya wengine. Mtu aliyeajiriwa ndani ya kampuni yenyewe kuisemea kampuni hiyo hahitaji kujiandikisha. Na katika sheria ile ile ziliwekwa fungu la kubana matumizi ya vyama visivyo vya siasa wakati wa uchaguzi, na fungu jingine juu ya orodha za wanachama wa vyama vya wafanya kazi. Vyama vya hisani na vya wafanya kazi vilipiga kelele, vikaiita sheria ya kuziba midomo. Kisha mwaka 2021 ikajulikana kwamba Bwana Cameron mwenyewe, akiwa amekwisha toka madarakani, aliwapelekea mawaziri ujumbe mwingi akiitetea kampuni ya fedha ya Greensill iliyomwajiri. Mwenye daftari akachungua, akaona kwamba sheria haikumtaka ajiandikishe. Hivyo mlango uliobaki wazi ulikuwa wa mwenye nguvu, na kamba iliyokazwa ilikuwa ya vyama. Kila tusikiapo mtu akisema kwamba hapa nasi tutunge sheria ya kuhalalisha mawakala, hilo ndilo tunaloliogopa kuliko rushwa yenyewe.

Maana kuomba ndiko kulikokizaa chama cha namna hii. Wazee wetu walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika huko Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mkuu wao, hawakuwa na kura wala mjumbe. Hakukuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria la nchi ile mpaka mwaka 1945. Kilichobaki mikononi mwao kilikuwa kalamu, karatasi, na adabu ya kuomba kusikilizwa. Lau Serikali ya siku zile ingalisema kwamba asiyeandikishwa na asiyelipa ada haruhusiwi kuleta haja yake, wangalikwenda wapi? Leo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 119, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupeleka arzihali Bungeni. Kila mtu, si kila mwenye wakala. Twataka sheria yo yote ijayo iihifadhi haki hiyo kwanza, ndipo izungumze juu ya mawakala.

Tena liko jambo ambalo katika mkutano halikusemwa hata na mmoja, labda kwa haya. Sisi ni waombaji, lakini kadhalika sisi ndio mlango. Wakala anaposema ana watu wake wizarani, watu hao ni nani? Si wanachama wa chama hiki? Ni nani ashikaye faili, ajuaye liko juu ya meza ipi, awezaye kulipandisha juu ya mafungu au kulishusha chini? Sheria ya Chile ya mwaka 2014 yatupendeza kwa sababu hii: haikuanza kwa wakala, ilianza kwa mwenye ofisi. Mkubwa wa Serikali hutakiwa aandike na kutangaza ni nani aliyekutana naye na juu ya shauri gani, safari alizofanya, na zawadi alizopokea kwa ajili ya cheo chake, na wanaoomba kuonana naye juu ya shauri moja watendewe sawasawa. Hapo anayebanwa ni yule mwenye kitu cha kuuzwa. Tukitaka sheria kwetu, na tuanze na daftari la mlangoni petu sisi wenyewe, ingawa twajua kwamba baadhi yetu hawatalipenda.

Tumeambiwa kwamba haya ni maneno ya walioshiba, na kwamba mjane wa mwenzetu aliyefariki akingoja hatamwuliza mtu kama fedha zimekuja kwa njia nzuri. Neno hilo lilituchoma, wala hatuna jibu lake kamili. Twaweza kusema tu kwamba malimbikizo hayo ni haki iliyokwisha fanyiwa kazi, na siku tutakapolipa sehemu 10 katika 100 ili tupewe, kila atakayestaafu baada yetu atadaiwa hizo 10, na mwaka wa pili huenda zikawa 20, na faili la asiyelipa litazidi kukaa chini. Mjane wa kwanza atapata fedha zake. Mjane wa kumi atauzwa nasi.

Kwa hiyo Halmashauri yashauri kwamba bwana yule ajibiwe kwa barua ya adabu kuwa hatumhitaji. Fedha ambazo angelipwa, au sehemu yake ndogo, zitumike kumlipa mwanasheria ujira uliotajwa mapema, ufaulu au usifaulu, atuandikie arzihali moja yenye majina yote, tarehe za kustaafu, viwango vya mshahara na nakala za barua zote tulizojibiwa, nayo ipelekwe Bungeni na wizarani siku moja, na nakala ibandikwe katika ubao wa chama. Wastaafu wawili au watatu wachaguliwe waende kuieleza kwa vinywa vyao wakiitwa. Kazi hiyo yote ni ile ambayo majaji wa Trist waliiona kuwa halali.

Wasiokubaliana nasi na wamletee Katibu maoni yao kwa maandishi, yasipite karatasi moja, juma moja kabla ya mkutano, nayo yatasomwa yote. Na wastaafu ambao hawajaleta nakala za barua zao za kuajiriwa na za kustaafu wafanye hima, kwani mpaka tuandikapo haya zaidi ya nusu ya majina hayana karatasi hizo.