Kijana Mwenye Fomu ya Ridhaa

Kila mwaka baadhi ya wahitimu wa vyuo vyetu huajiriwa kama waratibu wa utafiti wa kitabibu, hasa katika miradi inayochunguza magonjwa ya ubongo, mishipa ya fahamu na afya ya akili. Ni ajira ya ngazi ya chini kabisa katika mradi. Wakubwa wengi huihesabu kuwa kazi ya ukarani, yaani kujaza fomu, kupanga miadi na kugawa nauli kwa washiriki. Mimi siafikiani nao.

Tuchukue utafiti wa kiharusi. Mgonjwa anasikia na huenda anaelewa, ila ulimi umegoma. Maadili ya utafiti, tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, yanataka aridhie kwa hiari yake. Profesa ambaye mradi unabeba jina lake hayupo wodini. Aliyepo ni kijana mwenye fomu iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, tena mara nyingi kwa Kiswahili ambacho hakizungumzwi na mtu yeyote. Ni yeye atakayepambanua iwapo mgonjwa ametikisa kichwa kwa kukubali au kwa uchovu, na iwapo mwana anayesema "mzee ameridhia" anamsemea baba yake au anajisemea mwenyewe. Mshiriki asiyejua kusoma ataweka dole gumba mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, na shahidi huyo, aghalabu, ni mratibu atakayehangaika kumtafuta.

Ugumu wa lugha haujaishia hapo. Mama wa mtoto mwenye kifafa akiambiwa kwamba washiriki watagawanywa katika makundi "kwa bahati nasibu", hufikiri habari za tiketi na zawadi. Yampasa mratibu amweleze kwamba hakuna atakayechagua, kwamba huenda kidonge kikawa hakina dawa ndani yake, na kwamba akikataa hatanyimwa matibabu. Kamusi hazimsaidii sana. Wanasaikolojia wanasema "sonona". Mgonjwa anasema "nina mawazo", na mgeni wa lugha ataandika kwamba mtu huyu anafikiri.

Lipo jambo zito zaidi. Hojaji iitwayo PHQ-9, inayotumika sana kupima sonona, ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, na jumla ya alama huanzia 0 hadi 27. Swali la mwisho linauliza kama mtu amewahi kuwaza kwamba ni afadhali afe, au ajidhuru. Jibu likiwa "ndiyo", anayelisikia wa kwanza ni kijana huyu huyu. Kwenye karatasi ni alama tu. Mbele yake ameketi binadamu ambaye pengine hajapata kumwambia mtu mwingine neno hilo.

Sasa tazama tunavyomlipa fadhila. Hupewa mkataba wa mwaka mmoja, unaohuishwa iwapo mfadhili ataridhika. Mradi ukifungwa, yule anayejua nyumba za wagonjwa, simu za jirani na siku za gulio huondoka na ujuzi wake, na mradi unaofuata huanza upya na wageni. Katika makala inayochapishwa ng'ambo, jina lake halimo miongoni mwa waandishi. Hushukuriwa kwa jumla, pamoja na madereva (ambao nao, kwa maoni yangu, wanastahili zaidi ya hapo).

Vyuo vyetu navyo haviwezi kukwepa lawama. Tunawafundisha vijana mbinu za utafiti kwa Kiingereza, tunawatahini kwa Kiingereza, kisha tunawatuma kuomba ridhaa kwa Kiswahili, Kipogoro au Kigiriama. Kuomba ridhaa kwa lugha ya mgonjwa kunafundishika, na kunastahili kutahiniwa.

Kamati za maadili, ikiwamo ile ya NIMR, hukagua fomu za ridhaa na ulinzi wa taarifa kabla ya kuruhusu utafiti. Nazisihi ziongeze maswali mawili kwa kila profesa anayeomba kibali: mratibu wako ana mkataba wa muda gani, na atampigia nani simu jioni ile atakapojibiwa "ndiyo" kwenye swali la 9?